Nauli Nafuu na Breki ya Mke Wangu

Kwa Mkurugenzi wa Mabasi ya Mji

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umeketi, maana si ya kusomwa umesimama. Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kiko mkabala na posta. Kwa miaka ishirini na mbili nimekwenda kazini kwa gari langu pamoja na mke wangu, nikimshusha hospitali alikokuwa akipokea simu. Alifariki mwaka jana, mwezi wa nne.

Naandika kulalamikia punguzo la nauli ulilotangaza ili wenye magari tuyaache nyumbani. Bango lako pale kwenye mzunguko linauliza, "Unangoja nini?" Nakujibu kwa utaratibu.

1. Nauli nafuu humvuta mtu anayeendesha kwa sababu za kawaida. Gari langu ni bovu, sikatai. Kuliwasha asubuhi ni kulibembeleza kama mgeni aliyenuna. Binti yangu husema, "Baba, hilo si gari tena, ni kabati lenye magurudumu." Lakini mbele ya kiti cha abiria zulia limelika mahali pamoja, saizi ya unyayo. Ni mguu wa mama yake. Hakujua kuendesha, ila kila tulipokaribia taa nyekundu alikanyaga breki yake, ambayo haikuwepo, na kusema, "Baba watoto, unaona, au nikuonee?" Je, basi lako lina zulia kama hilo?

2. Mambo yetu yote tuliyamalizia kwenye foleni, kwa kuwa nyumbani watoto walisikia. Foleni ya darajani ilikuwa dakika arobaini: ishirini na tano za kugombana, kumi za kununiana, na tano za mwisho alikuwa akinimenyea chungwa.

3. Alipofariki niliendelea kukaa kwenye foleni ileile. Namweleza nani kaleta saa gani, na nani kaisahau kwangu tangu mwaka juzi. Madereva wa pembeni hudhani naongea na simu, hawanisumbui. Ndugu Mkurugenzi, hapo ndipo ulipoingilia kati.

4. Nauli imeshuka, na watu wameacha magari kweli. Jirani yangu mwalimu kaacha lake. Mwenye duka la dawa kaacha lake, naye alikuwa akiwasha gari hata kwenda kutupa taka. Barabara imekuwa nyeupe. Nimepima kwa saa ninayoiamini: kutoka mlangoni kwangu mpaka posta, dakika kumi na moja. Nikianza tu kumpa mke wangu habari za mjukuu, nimefika.

5. Kwa hiyo naomba upandishe nauli. Ipande mpaka mwalimu arudi garini. Ikishindikana, waagize makondakta wawajibu watu vibaya kama zamani. Na hilo likishindikana, daraja lifungwe upande mmoja kwa matengenezo yasiyoisha. Ofisi ya barabara iliyo jirani na yako ina uzoefu.

Sina kinyongo nawe. Nisalimie makarani wako wote, mafundi wa gereji, na yule dada wa dirisha la tiketi ambaye saa yake nimeitengeneza mara tatu. Mwambie asifue nguo akiwa ameivaa.

Ni mimi, mlalamikaji wako mwenye heshima,

Fundi Saa, mkabala na posta

Nyongeza: Jumatatu gari lilikataa kuwaka, nikapanda basi lako ili nikuletee barua hii. Nilikaa nyuma ya dereva. Tulipokaribia taa za darajani, mguu wangu wa kulia ukakanyaga sakafu wenyewe, kwa nguvu zote. Mama aliyekaa kando yangu akacheka: "Mzee, mwache dereva aendeshe." Miaka ishirini na mbili nilidhani mke wangu ananikosoa. Kumbe alikuwa anaogopa, na kesho yake anapanda tena. Nilimsimulia yule mama habari zake mpaka nikapitiliza ofisi yako, na leo ni Alhamisi, barua ningali nayo mfukoni, maana kila siku napitiliza. Nauli isiguswe. Ila mwambie yule dereva kwamba taa ilikuwa nyekundu. Anaona, au nimwonee?