Undugu wa Kujipachika

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimewasili katika nyumba ya kale ya shamba la michikichi, nje ya Ujiji. Kuta nene, ngazi za mbao, ziwa dirishani. Si dirishani kwangu! Chumba cha ghorofani amepewa Nassib. Kampuni yetu ya utalii imetutuma sote wawili kuandaa ziara. Ijumaa Mkurugenzi, Mama Joanitha, anakuja kumteua mmoja wetu kuwa mratibu. Mwingine huenda akarudi kwao. Chumba changu kinapakana na banda la mbuzi. Hali hii haikubaliki kitaalamu.

Jumanne, 15 Julai

Mwenye nyumba ni Bibi Melania, Muha halisi. Asubuhi nilimwamkia kwa Kiha, "Mwakeye", kisha nikamweleza, kwa staha zote, kwamba bibi yangu mzaa mama ni Muha wa Mwamgongo. (Bibi yangu ni wa Rombo. Hajawahi kuliona ziwa hili.) Akapiga vigelegele, akanikumbatia, akasema kumbe mjukuu amerudi nyumbani! Nassib alikuwa akimenya yai, hana habari. Chumba cha ghorofani kitakuwa changu.

Jumatano, 16 Julai

Sikuletewa kifungua kinywa. Nilipouliza, Bibi Melania alicheka: tangu lini mjukuu akaandaliwa kama mgeni? Sufuria liko jikoni, mwanangu, na ukishakula mpelekee mgeni wetu chai. Mgeni wetu ni Nassib! Alipokea kikombe, akauliza kama mjukuu anaweza kumwongezea sukari.

Mchana kutwa nimekamua mawese. Shahada yangu haikuligusia jambo hili. Shati langu jeupe sasa ni la rangi ya chungwa.

Alhamisi, 17 Julai

Wamefika wageni kutoka Kasulu. Wamepewa chumba changu cha kando ya mbuzi. Bibi amesema ndugu hubanana. Nimehamia stoo, kwenye madumu ya mawese. Nawakumbuka mbuzi kwa heshima.

Nilifikiria kukiri. Nimechelewa: Bibi amekwisha kuwapigia simu ndugu zake wa Mwamgongo. Mjomba wangu Yona anakuja kwa boti. Sina mjomba aitwaye Yona. Nimechoka hadi kwenye mifupa.

Ijumaa, 18 Julai

Mjomba Yona amefika, akaapa kwamba nimefanana na marehemu dada yake pua na masikio.

Mkurugenzi naye akafika. Nassib alimpokea ngazini, amevaa koti. Mimi nilikuwa nimeshika kuku. Mama Joanitha akanikabidhi begi, akasema asante, kijana. Nilipojitambulisha, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama kuku.

Uamuzi: mratibu ni Nassib. Kuhusu mkataba wangu, tutazungumza Jumapili, kwani jua linakaribia kuzama na yeye ni Msabato. Sabato hagusi kazi.

Nikamweleza, kwa staha zote, kwamba nami ni Msabato tangu utotoni, tena mwimbaji wa kutegemewa. Uso wake ukang'aa! Palepale akampigia simu mchungaji. Kesho asubuhi nitaimba peke yangu mbele ya kanisa zima.

Hatimaye mambo yananinyookea. Kinachobaki ni wimbo tu.