Jibini Kwenye Friji ya Dawa

Jumatatu, 6 Oktoba. Sheboygan, mvua.

Wamepiga simu. Ukaguzi wa ithibati ni Alhamisi na Ijumaa. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, anakuja nani. Lorna Tesch, mkaguzi wa mara iliyopita! Nikakata simu bila kuaga.

Kituo chetu ni cha upasuaji wa macho. Mgonjwa anaingia asubuhi, mchana anakula kwake. Tunakaguliwa kila baada ya miaka mitatu, na ukifaulu mkaguzi anafunga begi na kukusahau. Mara iliyopita tulifaulu vizuri mno. Balaa la kuwa meneja hodari! Nilimkaribisha kahawa, akakataa, hairuhusiwi kupokea kitu kwa anayekaguliwa. Huja na chupa yake ya chai. Nimeikumbuka chupa ile kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Safari hii hatufaulu. Si kosa la kumdhuru mgonjwa, hasha. Kosa dogo tu la kumlazimisha Lorna arudi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepanga maboksi mbele ya kizimamoto. Kazi safi. Kwenda chooni na kurudi, hayapo. Verna Kubiak! Muuguzi mkuu wetu, ana macho hadi kisogoni. Akaniuliza mbele ya watu kama nimeanza kuzeeka au nilizaliwa hivi. Nikasema nilikuwa napima umakini wa wafanyakazi. Akasema basi na yeye apime wa meneja: zipu yangu iko wazi.

Ilikuwa wazi.

Jumatano, 8 Oktoba

Mzee Oestreich, mtengeneza jibini, tuliyemtoa mtoto wa jicho wiki jana, ametuletea jibini ya cheda, ukubwa wa tofali. Anasema sasa anaona vizuri, na mkewe kazeeka ghafla. Nikapata wazo! Chakula kwenye friji ya dawa, hakuna mkaguzi anayekifumbia macho. Nikaichomeka katikati ya chupa za matone.

Mchana nikamkuta Verna na wenzake wanaila na biskuti.

“Asante kwa jibini, Del,” alisema huku anatafuna. “Ila siku nyingine weka kwenye friji ya watu, sawa baba?”

Nimeokoa kipande kimoja. Kiko mfukoni mwa koti.

Alhamisi, 9 Oktoba

Amekuja. Mvi zimeongezeka na zinampendeza. Kaniita Del! Nilikuwa nimejiandaa kusema neno la maana. Nikamwonyesha mlango wa dharura.

Kutwa nzima nimemfuata. Aliwauliza wauguzi kama kabla ya kisu wote husimama na kutaja jina la mgonjwa na jicho linalopasuliwa. Wote wakajibu bila kusita. Hakuna kosa hata moja! Moyo uliniuma.

Kesho ni Ijumaa. Mji mzima, kwa desturi ya huku, utakwenda baa kula samaki wa kukaanga, wawili wawili, na mimi nitakaa kaunta na kiti kitupu ubavuni, kama kila Ijumaa. Namtaka akae pale. Sitaki kingine.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kabla Verna hajavua hata koti, ile jibini niliyookoa iko ndani ya friji, nyuma ya matone.

Lorna akafungua friji. Akanusa. Akaitoa kwa vidole viwili. Verna hakuitazama jibini, alinitazama mimi. Lorna akaandika. Ushindi! Nikamuuliza atarudi lini.

Akasema harudi. Kwa jambo kama hilo picha inatosha: friji bila chakula, basi. Nikamsindikiza.

Mlangoni akaniambia taratibu kwamba huu ni ukaguzi wake wa mwisho, anastaafu. Alishaagiza meza ya watu wawili jioni hii, kwenye baa niliyomsimulia miaka mitatu iliyopita. Alitegemea kufunga faili letu mchana.

“Sasa siwezi, Del. Faili likiwa wazi, hata maji yako sinywi.”

Nikasema faili ni karatasi tu. Akasema kwake si karatasi tu. Kisha akatabasamu.

“Tuma picha. Kila kitu kikionekana, nafunga. Ijumaa ijayo nayo ni Ijumaa.”

Nimekula samaki peke yangu. Sikumaliza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Verna kasugua friji mpaka inang'aa. Akaniwekea simu mkononi: piga picha, tuma, halafu kanunue shati. Kumbe anajua! Kumbe kituo kizima kinajua!

Picha ikatoka safi, kila chupa inasomeka. Kidole kiko tayari kutuma. Nikasita.

Picha safi ataipokea kimyakimya, na Ijumaa iko mbali. Lakini yenye ukungu kidogo? Itabidi apige simu kuuliza. Nitaisikia sauti yake leo hii!

Nikatikisa mkono, nikapiga nyingine. Nimetuma. Nimekaa karibu na simu.