Mjukuu wa Ghafla wa Hosea Bedeau

Mwanamke wa Kiingereza aliyekaa barazani mwa mkahawa pale bandarini St. George's alikuwa na daftari, kamera hana. Fitzroy Andall akasimama. Mtalii mwenye kamera anataka kuona. Mwenye daftari anataka kununua. Fitzroy, ambaye mji mzima ulimwita Balozi ingawa hakuna nchi iliyowahi kumtuma popote, alirekebisha kola, akapunguza mwendo, akapita kando ya meza ile kama mtu mwenye mambo mazito kichwani.

Daftarini palikuwa na orodha iliyokatwakatwa. Kiwanda cha ramu, kimekatwa. Shamba la kungumanga, limekatwa. Maporomoko ya maji yalikatwa kwa hasira mpaka karatasi ikachanika.

"Samahani mama," alisema Balozi, "hayo maporomoko yamekukosea nini?"

"Kila mwenye basi anayauza." Mwanamke hakuinua macho. "Mimi napangia likizo watu waliostaafu. Wana hela, na wamechoka kuonyeshwa maigizo. Wanataka utamaduni wenyewe. Jana nimepelekwa kwenye ngoma, mpiga ngoma anaangalia saa."

"Alikuwa na ngoma nyingine saa kumi."

"Ndivyo alivyoniambia."

Balozi akavuta kiti bila kukaribishwa. "Mama, nikwambie jambo ambalo hapa hakuna atakayekwambia. Kitu halisi hakiuzwi."

Kwa maneno hayohayo Balozi alikuwa amewahi kuuza ufukwe wa serikali, na kasuku mmoja mara nne.

Bi Prewett, ndilo jina alilojitaja, akaweka kalamu chini. Baada ya nusu saa walikuwa wamepatana. Wageni kumi na wawili wangekuja kwa majaribio baada ya wiki tatu. Wakiridhika, ni mkataba wa misimu mitatu, kundi kila mwezi. Nusu ya malipo ya majaribio alimpa palepale, kwenye bahasha. Na wala usimwonee Bi Prewett huruma: kila dola aliyomlipa Balozi kwa mgeni mmoja, yeye kule kwao alikuwa ametoza tano.

Balozi aliutaka mkataba ule kuliko chakula. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na kazi yake, ukiitazama vizuri, ilikuwa kuongea kwanza na kukimbia baadaye. Ulimi ulikuwa mzima. Magoti ndiyo yaliyoomba kustaafu. Misimu mitatu ya wazee wanaotembea taratibu ingemfanya mtu wa heshima, mtu anayeingia nyumba ya watu bila kuangalia kwanza mlango wa nyuma uko wapi.

Kilichobaki ni kuutafuta huo utamaduni.

Aliupata kwenye kilabu cha ramu, mdomoni mwa Garvin, baharia wa boti ya kisiwa jirani cha Carriacou, ambaye ukimnunulia glasi mbili anakusimulia ukoo wake wote. Kule kwao, Garvin alisema, mfu akiwa na njaa humjia mtu usingizini akadai chakula. Basi ndugu hawana hiari: wanapika saraka, karamu ya kumlisha mfu, wanapiga Ngoma Kubwa, kilima kizima kinakula bure. Kulikuwa na mzee mmoja, Hosea Bedeau, fundi wa mashua na nahodha, aliyekufa miaka kumi na minane nyuma na mpaka leo kaburi lake halina jiwe. Wapwa wake wako London, kila mmoja anamngoja mwenzake atoe hela. Dada yake, Tantie Zilma, shangazi wa kilima kizima, anakaa tu pale kilimani na aibu yake.

"Na huyo Hosea hajamjia mtu?" Balozi aliuliza.

"Bado. Pengine naye amekata tamaa."

Balozi akamwongezea glasi ya tatu kwa furaha. Hesabu ilikuwa tamu: kondoo wa watu, mbaazi za watu, ngoma za watu, machozi ya watu. Yeye angepeleka ndoto tu, na ndoto hailipiwi hata nauli ya boti.

Kule Carriacou, Tantie Zilma alikuwa barazani kwake akimenya mbaazi. Alikuwa na miaka themanini na kitu, mwembamba, na macho yake yalikuwa hayana haraka. Balozi alivua kofia, akasalimia, akaomba maji, akanywa polepole, halafu akasema kwa sauti ya msibani kwamba hajalala vizuri siku tatu.

"Pole, mwanangu. Kunguni?"

"Hapana, Tantie. Mzee mmoja. Anasimama miguuni pangu. Ananiambia, mimi ni Hosea wa kilimani, nina njaa."

Vidole vya Tantie viliendelea kumenya. "Amevaa nini?"

"Kofia." Hakuna nahodha asiye na kofia.

"Anataka nini?"

"Kondoo. Mbaazi. Ugali wa kuviringisha." Hapo Balozi akakumbuka kwamba wageni wa Bi Prewett ni watu wa kula vizuri. "Na kambakoche, Tantie. Alilitaja hilo mara mbili. Kambakoche wengi."

Vidole vikasimama. Tantie Zilma alimtazama kwa muda ambao kuku angeweza kuvuka ua mzima. Kisha akasema, "Kambakoche."

"Wengi."

"Mama yako nani?"

"Marehemu Ernestine, wa Gouyave."

"Gouyave," alisema Tantie, kama mtu aliyepata ufunguo chini ya kitanda. "Hosea alikuwa akitia nanga Gouyave kupakia kungumanga. Anakwenda kwa siku mbili, anakaa wiki." Akageuka, akaita majirani kwa sauti ambayo usingeitarajia kifuani mwake. "Njooni. Njooni mumwone mjukuu wa Hosea."

Balozi akacheka kidogo. "Tantie, mimi ni mleta habari tu."

"Mwanangu, huko mjini labda mnaota yeyote anayepita. Hapa wafu hawamwendei mgeni. Kaka yangu akiwa hai hakugonga mlango wa asiye wake, atagonga leo? Kama amekuja kwako, wewe ni damu yake. Kama si damu yake," na hapo alichukua ganda jingine la mbaazi, "basi hakuja, na wewe umepanda kilima chote hiki kunidanganya mimi mwanamke mzee. Wewe ni lipi kati ya hayo?"

Majirani walikuwa wameshafika sita. Wawili walikuwa na mapanga, kwa sababu walitoka shambani, lakini panga ni panga.

Balozi akafikiri haraka. Akawaza pia kwamba mjukuu wa marehemu ni utamaduni mtamu kuliko mpanga safari. Bi Prewett angelia. Kwa hiyo alimweka bibi yake mzaa mama kitandani mwa nahodha Bedeau, akamwomba msamaha kimoyomoyo, akafungua mikono. "Bibi," alisema.

Walimkumbatia wote, wenye mapanga wakiwa wa kwanza.

"Basi sawa," Tantie alisema alipomwachia. "Aliyeota ndiye anayeleta kondoo."

"Kondoo mmoja?"

"Watatu. Babu yako alikuwa mtu mkubwa."

Wiki tatu zile bahasha ilikonda. Kondoo watatu, gunia la mchele, ramu ya kunyunyizia ardhi na ramu ya kunyunyizia wapiga ngoma. Balozi alilipa akijipa moyo kwamba kuna nusu ya pili, na juu ya nusu ya pili kuna misimu mitatu. Kambakoche peke yao ndio ambao Tantie hakumdai.

Wageni kumi na wawili walifika siku ya saraka, wekundu kwa jua na wenye heshima kupita kiasi. Bi Prewett aliwapanga barazani. Masufuria yalikuwa yanachemka uani tangu alfajiri. Chumba cha mbele kiliwekwa meza yenye kitambaa cheupe, na juu yake sahani ya wazee waliotangulia: nyama, ugali na mbaazi, vyote bila chumvi, glasi ya maji na glasi ya ramu. Chakula hicho hakuna aliye hai anayekigusa mpaka kesho yake.

"Hii ni kwa ajili yetu kuangalia?" mgeni mmoja alinong'ona.

"Hii ni kwa ajili ya babu yangu," alisema Balozi kwa sauti iliyokatika mahali panapofaa, na akamwona Bi Prewett akiandika.

Nusu ya pili ya hela Bi Prewett alimkabidhi papohapo, nyuma ya mlango, kwenye bahasha nyingine. "Sijawahi kuona kitu kama hiki," alisema. "Mkataba tutasaini asubuhi."

Ndipo Tantie Zilma akatoka na shali jeupe, ngoma zikanyamaza.

"Mjukuu aliyeota aje mezani," alisema. "Aweke mbele ya babu yake vyote alivyokuja navyo."

Balozi akaweka kofia. Watu wakangoja. Akaweka saa yake, ambayo haikuwa yake. Watu wakaendelea kungoja, na wageni nao, kumi na wawili, shingo zimerefuka.

"Na mfukoni?" aliuliza Tantie kwa upole. "Usimfiche babu yako, mwanangu. Alikutafuta wewe peke yako dunia nzima."

"Bibi, hii ni hela ya matumizi tu."

"Hata yeye ana matumizi. Hana jiwe."

Balozi alimtazama Bi Prewett. Bi Prewett alikuwa ameshika kalamu juu, macho yamelowa, anangoja kuona kama huu ni utamaduni au maigizo. Bahasha ilikuwa hela ya msimu mmoja mdogo. Mkataba ulikuwa maisha. Balozi akatoa bahasha akailaza kando ya glasi ya ramu, na kilima kizima kikaguna kwa kuridhika. Ngoma zikaanza upya, mzee mmoja akaimba kwa lugha ambayo yeye mwenyewe alisema haielewi ila miguu yake inaielewa, na wageni wakacheza mpaka mmoja akapoteza meno ya bandia kwenye bakuli la mbaazi.

Asubuhi Balozi alimkuta Bi Prewett barazani na Tantie, daftari katikati yao.

"Bwana Andall," alisema Bi Prewett. "Au niseme Bwana Bedeau. Nina haya na wewe. Mimi nilidhani unatuuzia safari. Bibi yako amenieleza kwamba kwenu ndugu hawezi kuuza saraka ya babu yake mwenyewe, ni uchafu mkubwa kabisa. Kumbe umeumia namna gani kunipokea, na hukusema."

"Sikuumia sana, mama."

"Usijishushe. Singeweza kukuingiza tena kwenye jambo hilo." Alifungua ukurasa. "Kwa hiyo tumepatana na bibi. Saraka haiuzwi, kweli. Wageni watakuja kila mwezi kujifunza kupika na kupiga ngoma, kwa wanakijiji. Misimu mitatu. Amenipandishia bei kidogo."

"Mara mbili," alisema Tantie.

"Mara mbili," alikubali Bi Prewett, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu ambaye hatimaye amelipishwa na watu halisi. Akaenda kuwaamsha wageni.

Balozi akakaa kwenye ngazi. Alisubiri mpaka visigino vya mwanamke yule havisikiki.

"Tantie, wewe unajua mimi si damu yenu."

"Tangu siku ya kwanza. Hosea akila kambakoche alikuwa anavimba uso mpaka macho yanafunga. Angekufa njaa mara mbili kabla ya kuniomba kambakoche."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu nina wapwa wanne London wenye damu safi kabisa na hakuna hata mmoja aliyeniletea kondoo." Alisimama, akaikusanya sahani ya wazee na kilichokuwa kando yake. "Wewe umeleta watatu. Fundi wa jiwe anakuja Jumatatu. Nenda ukanywe chai."

"Nikiwaambia watu kwamba si kweli?"

"Waambie. Wale wenye mapanga wako pale."

Balozi akanywa chai.

Gatini walikuja kumuaga watu thelathini. Mpaka boti inang'oa nanga alikuwa na watoto wawili wa ubatizo, mchango wa harusi ya mwezi wa sita, na hisa katika mashua inayokarabatiwa, hisa yenyewe ikiwa ni yeye kununua rangi, galoni kumi. Garvin hakumtoza nauli, kwa sababu mama yake Garvin mwenyewe alikuwa Bedeau, na ndugu hatozwi. Alimpa magunia ya kushusha.

Mjini Balozi alijifungia. Hakwenda bandarini siku tisa. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, mlango uligongwa, akafungua kidogo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye masanduku mawili na uso wa mtu aliyezoea kukaribishwa.

"Namtafuta Fitzroy wa kina Bedeau. Mimi ni binamu yake, Claris. Nimepata nafasi chuo cha uuguzi, miaka miwili. Tantie kasema nikae kwake."

"Fitzroy hayupo," alisema Balozi upesi. "Amehama nchi."

"Na wewe nani?"

"Mimi? Mpangaji tu."

Claris akasukuma mlango kwa goti, akaingiza sanduku la kwanza, akachungulia chumba cha kulala, akaridhika nacho.

"Vizuri," alisema. "Basi mpangaji ndiye atakayelala sebuleni. Lete hilo sanduku lingine."