Kwaya ya Plagi Kumi na Nne

Jumatatu, 9 Agosti 1993

Leo nimeona gari ambalo sijaona mfano wake tangu nikiwa darasa la pili. Lilisukumwa na watu wanane hadi nyumba ya wageni ya Mbugani. Magurudumu membamba kama ya baiskeli. Taa mbili kama macho ya bundi. Mwenyewe ni mzungu mzee, mwekundu, mpole, wa Kiswahili cha kuokoteza. Ametoka kusini kabisa, amevuka mpaka Kasumulu, anakwenda kaskazini. Watu walimuuliza kwa nini. Akasema kwa sababu gari bado linaweza. Jibu zuri. Ila gari haliwezi! Plagi zote nne zimekufa.

Athuman wa duka la vipuri akatangulia, kama kawaida yake. Tangu biashara iachiwe huru plagi za Dubai zinaning'inia dukani kwake kama mishikaki. Akatumbukiza moja kwenye tundu la injini. Ikapwaya kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Halafu nikaona aibu, maana kwenye msiba wa mke wangu Tusekile, Athuman alileta sukari na kukaa nasi siku tatu bila kufungua duka.

Nikajitokeza. Nikasema hizo ni plagi za mdomo mnene, hazitengenezwi tena, na mimi ninazo. Miaka thelathini naokota plagi kuukuu, tangu nilipokuwa utingo wa lori la mpunga, na miaka thelathini wananiita Mzee Takataka. Leo waliniita Mzee Asajile.

Mgeni akafungua kisanduku. Akanionyesha plagi yake moja, imepasuka kwa ndani, haifai kwa gari lolote duniani. Lakini kaure yake ni ya BULUU! Zangu zote ni nyeupe kama vikombe vya chai. Hii ni buluu kama ziwa saa nne asubuhi. Akasema nimpe nne nzima, yeye atanipa hiyo. Tukashikana mikono.

Nimerudi nyumbani, nimemwaga makopo yote matatu. Plagi mia mbili na sita. Za mdomo mnene: hakuna.

Nilikuwa najua tangu nikiwa kule Mbugani. Nilijifanya sijui. Ziko kwenye kaburi la mke wangu.

Tusekile alikuwa akizisugua kwa majivu kila Jumamosi na kuzipanga dirishani. Alisema zile nene zinafanana na wanakwaya waliovaa kanzu. Alipofariki, mwaka jana wakati wa mvua, nilijenga kaburi pale nyuma ya migomba, na kabla saruji haijakauka nikazipanga kumi na nne kulizunguka. Kwaya yake. Mchungaji aliangalia, akakohoa, akaendelea na sala.

Kaburini siendi! Nimeapa. Kesho naenda Itungi.

Jumanne, 10 Agosti

Mpango: wavuvi wa Itungi hufunga plagi kuukuu kwenye nyavu ziwe uzito wa kuzamisha. Hata mimi niliwahi kuwagawia. Lazima za mdomo mnene zimo.

Ningeweza kuomba. Sikuomba. Nilimwambia Ambilikile, mkubwa wao, kwamba wataalamu wamegundua plagi zinatia maji ladha ya petroli na samaki wanahama. Akauliza wataalamu gani. Nikasema wa Mbeya. Akauliza samaki wanahamia wapi. Nikasema Malawi.

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Ila Ambilikile ni mtu wa heshima. Alisema haya tata, mzee wetu, kama unatuonea huruma hivyo, fungua hizo plagi, na utufungie mawe badala yake. Nikafungua na kufunga tangu asubuhi mpaka jua lilipoinama. Mawe! Moja moja, kwa kamba, nyavu tatu. Vidole vimevimba. Nimepata plagi thelathini na moja.

Zote nyembamba.

Nikauliza, kama mtu anayepitisha muda tu, kama hawakuwahi kuwa na zile nene. Ambilikile akasema zilikuwepo mbili. Asubuhi na mapema Athuman alipita na baiskeli, akasema jamani kuna mgeni kakwama, mnisaidie. Wakampa zote mbili. Wakampa na samaki.

"Na wewe tata ungesema tu," akaniambia. "Plagi ni plagi."

Nimerudi bila samaki.

Jumatano, 11 Agosti

Sitaki kuandika ya leo. Nitaandika haraka.

Nilijiambia hivi: Tusekile alipenda buluu. Kitenge chake cha kanisani kilikuwa cha buluu. Nikitoa nne nyeupe nikampatia moja ya buluu, huo si wizi, ni zawadi. Nilijiambia hivyo nikiwa nachukua patasi. Nyundo niliifunga kitambaa isilie. Mtu anayetoa zawadi hafungi nyundo kitambaa.

Hapa inafaa nimtaje Felista, mke wa mwanangu Tuntufye. Tuntufye yuko melini, anarudi mwisho wa mwezi. Mimi na Felista tunaishi ua mmoja mwaka wa nne sasa na sijauangalia uso wake, wala yeye wangu. Mkamwana na baba mkwe hawaonani, ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo nikitaka kupita, nakohoa. Yeye akisikia kikohozi anashika njia ya jikoni. Kikohozi ndiyo hodi yangu. Zamani maneno yetu yalipita kwa Tusekile; nikitaka chumvi namwambia Tusekile, Tusekile anamwambia Felista. Tangu afariki nakula bila chumvi.

Leo sikukohoa. Mwizi hakohoi! Hilo ndilo kosa langu.

Ya kwanza ilipasuka kaure. Ya pili ikapasuka. Ya tatu ikatoka nzima, na ya nne. Nilikuwa nimepiga magoti, mdomo umejaa vumbi la saruji, nikasikia ufagio unaanguka. Felista alikuwa amekuja kufagia. Hakusikia kikohozi, akajua kuko salama.

Akageuka papo hapo, akajifunika kanga kichwa kizima. Njia iko upande wangu. Kukimbia hawezi bila kunipita. Mimi nyuma yangu ni kaburi, na ukuta wa choo. Tukabaki hivyo. Yeye anaangalia migomba, mimi naangalia patasi.

Ndipo akaanza kuzungumza na kuku.

Kuku alikuwa anaparua zake pale karibu. Felista akamwambia, kwa sauti ya adabu kabisa, "We kuku, salamu zako. Hebu mwambie huyo mwenye patasi, mama aliniachia kazi moja. Kila Jumamosi nizisugue kwa majivu. Kumi na nne. Nami nasugua."

Sikujua. Mwaka mzima nilidhani mvua ndiyo inazisafisha.

Nikajaribu kumjibu kuku. Nikasema, we kuku, mwambie anayefagia kwamba zilikuwa zimelegea, nazitengeneza. Kuku akaondoka. Hata kuku!

Felista akasema na mgomba, "Basi," akapita kinyumenyume, taratibu, akigonga ndoo. Hakunitazama usoni. Laiti angenitazama, ningeona aibu mara moja tu.

Alhamisi, 12 Agosti

Mbili nzima ninazo mimi. Mbili anazo Athuman. Gari lina injini ya plagi nne. Sikuona njia ila kwenda dukani kwake.

Nilidhani atanicheka. Alinicheka. "Shikamoo Mzee Asajile, samaki wa Malawi hawajambo?" Itungi yote inajua. Akaendelea, "Leta zako tuzioanishe na zangu, tufunge ndoa." Halafu akaziona plagi zangu zina saruji shingoni. Akauliza zimetoka wapi.

Ningeweza kunyamaza. Niliona kisanduku cha mgeni, alichomwachia Athuman, pale kwenye meza. Nikasema marehemu ndiye aliyeniruhusu. Nikasema nilimwota. Alikuja na kitenge cha buluu, akasema Asajile, msaidie mgeni, niletee ile ya buluu.

Athuman akaacha kucheka. Akavua kofia. Akasema yeye naye alikuwa na nia na ile ya buluu, ilikuwa aitundike dukani, lakini neno la marehemu halipunguzwi. Akazichukua zile nne, akazisafisha mwenyewe kwa waya, tukaenda Mbugani, akazifunga. Gari likakohoa mara mbili, likanguruma! Mtaa mzima ukapiga vigelegele. Mgeni akalia kidogo, nadhani ni moshi. Athuman akamweleza ndoto yangu, yote, na kuongeza mengine. Mgeni akanikabidhi plagi ya buluu kwa mikono miwili, kama anayegawa meza ya Bwana.

Athuman akanipa na plagi nne za Dubai, bure, za kuziba mapengo. Akasema Mungu amrehemu mama yule, hata huko aliko anafikiria wageni. Nilisema amina. Nilisema ndaga, asante. Sikumwangalia usoni.

Mimi sioti ndoto. Tangu Tusekile afariki sijamwota hata mara moja. Naomba kila siku.

Ijumaa, 13 Agosti

Leo nimekohoa vizuri, mara tatu. Nimechanganya saruji, nimepandikiza zile za Dubai nne kwenye mapengo. Zinang'aa mno. Zinaonekana kama wageni waliokaa kwenye kwaya bila kujua nyimbo.

Ya buluu nimeiweka kwenye kopo. Kwa usalama tu. Mvua, watoto, wezi.

Nimeitoa kuiangalia mara tisa.

Jumamosi, 14 Agosti

Nilikuwa nyuma ya ukuta, nakunywa chai. Felista alikuwa kaburini na majivu yake. Nilisikia anasugua. Nikasikia anahesabu. Kumi na nne. Akaanza tena, kumi na nne. Kisha akazungumza na kuku, kwa sauti ya kunifikia.

"We kuku, sokoni wote wanasema mama alimtokea baba akaomba ya buluu. Wanawake wananisalimia kwa ajili ya mama. Nami nimehesabu mpaka nimechoka, ya buluu siioni. Au imepotea njiani?"

Kisha akasema, taratibu zaidi, "Mwambie sikasiriki. Mwambie tu mimi sijamwota mama. Akimwota tena, amuulize zile mbegu za mchicha aliziweka wapi."

Nilibaki na kikombe mkononi. Chai ilipoa.

Nimekohoa. Nimesubiri mpaka nisikie mlango wa jikoni. Nimeng'oa moja ya Dubai, nimeipandikiza ile ya buluu pale kichwani. Jua lilipoipiga ilifanana na ule ukingo wa kitenge chake alipokuwa akiinama kuangalia kama nimefunga vifungo sawasawa, kila Jumapili, kwenye hatua ileile ya mlango. Nilikuwa nikikosea kifungo kimoja makusudi.

Nikamwambia kuku aliyekuwa karibu, kwa sauti, kwamba mbegu za mchicha ziko kwenye kopo la kahawa, juu ya boriti. Hilo sikuota. Hilo nalijua. Jikoni nikasikia kopo linafunguliwa.

Chakula cha jioni kilikuwa na chumvi.

Nimejifunza. Naandika hapa iwe ushahidi: kaburi si stoo. Mke si kisingizio. Mimi, Asajile, sitashika patasi tena.

Jumapili, 15 Agosti

Ibada njema. Kifungo kimoja nimekikosea, hakuna aliyekiona.

Nikitoka kanisani Athuman alikuwa ananisubiri na baiskeli, ana habari. Mgeni wetu amepiga simu kutoka Mbeya. Gari linakwenda kama swala. Anasema nyuma yake anakuja rafiki yake, wiki ijayo, na gari kuukuu kuliko lake, na plagi zake zinakohoa tangu Malawi. Injini ya plagi sita. Mdomo mnene. Na kwenye kisanduku chake ana moja iliyopasuka.

Nikauliza, kama mtu anayepitisha muda tu, ni ya rangi gani.

Ya KIJANI.

Nimekaa hapa na penseli. Nyeupe nene zimebaki kumi. Kumi ukitoa sita zinabaki nne. Nne si haba. Kwaya yoyote, hata ya usharika mkubwa, ina sauti nne tu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, besi. Nyingine zote zinarudia. Tusekile mwenyewe aliimba sauti ya pili, angenielewa.

Na mchicha ni wa kijani. Ukifikiria vizuri, mbegu zile zilikuwa ishara.

Safari hii nitakohoa kwanza.