Ufa wa Medhat

Jumapili, 3 Machi
Nimegundua ufa! Upo kwenye picha ya setilaiti: mstari mweupe, umenyooka kilomita nne, umelikata bonde. Maji ya chini hupenda nyufa. Kisima tutachimba kimoja tu, na kitachimbwa kwangu. Wagdi, mpimaji mwenzangu na mtunza vifaa, anang'ang'ania mwamba wake mweusi wa kaskazini. Wivu tu.

Karar, mfugaji wa kabila la Waababda wa jangwa hili anayetuongoza, kaiona picha akacheka. Eti, "Mhandisi, hiyo si njia ya ngamia wa babu yangu?" Kisima chao kimeingia chumvi, mbuzi wanakufa, bado anabishana na wataalamu!

Jumatatu, 4 Machi
Tumepita na kipima-sumaku; namba zikiruka, chini pana ufa. Kwa Wagdi namba zimeruka. Kwangu, kimya. Daktari Inas, mkuu wetu, anaelekea kwa Wagdi. Wagdi kaniuliza kama ufa wangu umelala, tuuamshe? Nimeumia. Hata maharage sikuyamaliza.

Jumanne, 5 Machi
Kipima-sumaku hupagawa kikikaribia chuma. Tukipima tunavua hata mikanda. Basi! Mchana, wenzangu wamelala, nikabeba jeki, spana zote na sepeto mbili, nikazifukia kwenye mstari wangu, kipande hapa, kipande pale. Mgongo hoi. Alasiri nikaomba turudie vipimo. Namba ziliruka! Daktari Inas kanipa mkono. Wagdi kagombezwa kwa kupoteza vifaa. Raha iliyoje!

Alhamisi, 7 Machi
Pancha. Jeki hakuna. Tumechimbua mchanga chini ya gurudumu kwa mikono, saa tatu nzima. Nimemlaumu Wagdi kuliko wote.

Jumapili, 10 Machi
Mtambo wa kuchimba umefika mita tisini kwenye mstari wangu. Vumbi tupu. Mke wa Karar alisimama na madumu tangu asubuhi, akarudi nayo matupu. Roho iliniuma, nakiri. Nikamweleza Daktari Inas kwamba miamba ya huku haitabiriki. Fedha za kisima kingine hakuna.

Jumatatu, 11 Machi
Karar anahamia mji wa Shalatin kwa shemeji yake. Mbuzi wamebaki saba. Alikoka moto, akatwanga kahawa na tangawizi, akatumiminia vikombe vitatu vitatu kama ilivyo desturi yao. Mimi aliniruka. Kisha akamwaga gunia mbele ya Daktari Inas: jeki, spana, sepeto. Jana alifuata mbuzi aliyepotea, akakuta nyayo. Akasema mtu huyo alikwenda akizama kwa mzigo, akarudi mwepesi, na kisigino chake cha kulia kimelika upande. Wote wakatazama kiatu changu.

"Nafuata nyayo za mbuzi tangu mtoto, Bwana Medhat. Ulidhani zako zitanishinda?"

Nikakizamisha kiatu mchangani. Wagdi naye hakucheka, na hilo lilinitisha zaidi.

Jumanne, 12 Machi
Nimefukuzwa. Niko ndani ya basi la Kairo. Barabarani tumeipita familia ya Karar, wanatembea kwa miguu. Nikainama. Njia nzima nimetafakari, na kosa langu nimeliona: viatu! Kazi ijayo nitavaa vya Wagdi. Ninavyo humu begini.