Zabibu za Posa ya Sabiha

Jumamosi, 4 Februari 1956

Zabibu zimefika! Zebedayo kashuka na treni ya Mombo, sanduku kichwani. Huyu Zebedayo ni mtunza bustani wa mlowezi mmoja Lushoto, Msambaa, Mlutheri, mtu mwema ila mjuaji. Vishada kumi na viwili, vyeusi, vinang'aa! Ijumaa mjomba Kombo atapeleka posa yangu Makorora kwa Sabiha. Sabiha ni mjane, na mimi tangu mwaka jana sili nikashiba kwa ajili yake. Aliwahi kuniambia, akinunua tambuu kwangu, kwamba zabibu anazozijua ni zile kavu za kwenye pilau. Basi Ijumaa atazijua mbichi. Idarusi naye anamposa. Atapeleka halua. Halua! Tanga nzima ina halua.

Zebedayo akaniusia: nisizioshe, maji yasiziguse, niziache humo humo kwenye maranda makavu ya mbao, nitoe kila tunda lililopasuka, zipate upepo. La sivyo zitaota kuvu. Mimi Uweso, miaka kumi na tisa nauza tambuu Chumbageni! Jani langu likichumwa Jumatatu, Jumapili bado linalia likikunjwa. Siri yake nini? Maji na kitambaa kilicholowa. Leo mpalilia maua aje anifundishe kutunza kitu kibichi!

Maranda nimeyamwaga uani. Zabibu nimeziosha mara tatu, nikazikunja kwenye kitambaa cha merikani kilicholowa chepechepe, nikazitia kapuni chini ya mtungi.

Jumapili, 5 Februari

Nimenyunyiza maji asubuhi, adhuhuri na alasiri. Zinang'aa. Idarusi kapita, akauliza kapuni mna nini. Nikamwambia mna msiba wake. Akaenda zake akicheka. Mtu hana haya hata chembe!

Jumanne, 7 Februari

Jambo la kuchukiza! Kishada cha kati kimeota manyoya ya kijivu. Kuvu! Nani kaileta? Mimi sikuileta. Juzi Idarusi alilikazia macho kapu lile, na macho yake nayajua. Nimefuta kila tunda kwa kitambaa kile kile, nikaziosha upya, nikazifukiza ubani hadi nikakohoa. Kisha nikazikunja tena na maji tele, maana moshi unakausha.

Jumatano, 8 Februari

Zebedayo kaja kuniaga, anarudi Lushoto. Hata hujambo hakusema, pua ilishatangulia kapuni. Akasema vishada saba vimekwisha. Vitano vitapona nikivitandaza uteoni penye upepo, bila tone la maji, na kuyang'oa mabovu yote. Akavitandaza kwa mikono yake mwenyewe, polepole, kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyoniudhi kuliko yote. Nikakubali. Watu wasiseme mimi mkaidi.

Alasiri nikachungulia. Vikonyo vinanyauka! Angeniulia zabibu mchana kweupe! Nimezirudisha kitambaani upesi na kuzinywesha kata mbili za maji.

Alhamisi, 9 Februari

Vimebaki viwili, na vyenyewe ni vizima upande mmoja tu. Nimevipanga kwenye sinia, upande mzuri juu. Harufu bado ipo, kwa hiyo nimezimwagia marashi mrashi mzima. Sasa zinanukia. Nampenda mwanamke yule, basi. Asiponikubali sijui nitamwuzia nani tambuu kwa moyo mmoja.

Ijumaa, 10 Februari

Mjomba Kombo karudi na sinia. Anasema kitambaa kilipofunuliwa, Bi Chiku, shangazi yake Sabiha, aliuliza vitu hivi vimefukuliwa wapi. Mjomba akajitetea kwamba ni matunda ya Kizungu, ndivyo yalivyo. Sabiha, nyuma ya pazia, akaomba apewe moja. Akala. Kisha akatuma neno: ubani na marashi pamoja mara ya mwisho aliyasikia siku alipooshwa marehemu mumewe, na hataki kuyarudia mdomoni. Halua ya Idarusi imepokelewa.

Nimevunjiwa heshima! Nikamwuliza mjomba kama Sabiha alicheka. Akasema hakucheka. Bora angecheka. Nimekaa barazani na sinia mapajani, na kila apitaye anauliza kunanuka nini.

Jumatatu, 13 Februari

Bi Chiku kaja dukani mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitazama chini. Sabiha anataka tambuu za harusi yake, mia tatu, na kasema hanunui kwingine, kwa sababu Tanga nzima hakuna ajuaye kutunza jani kama Uweso. Bi Chiku alipoondoka nililia. Sioni haya kuandika.

Kisha nikafuta machozi. Ama! Si kasema mwenyewe? Shahidi gani mwingine nimtake? Njia yangu haina kosa hata kidogo! Nimefikiri hadi adhuhuri na sasa nimejua kilichoniponza: maji yalikuwa machache.

Bi Chiku ana mdogo wake huko Ushongo, Asmahani, mjane vilevile. Nimemwandikia Zebedayo aniletee masanduku mawili. Maranda asitie hata kiganja, na treni ikisimama Korogwe azimwagie ndoo nzima.