Kura Kumi na Mbili za Arvid Tollefsen

Jumatatu, 7 Januari
Theluji imefika dirishani. Sijali. Karatasi za kura zimeletwa! Ukumbi wa Mashujaa wa Besiboli wa Kaunti ya Wexley, hapa Wisconsin, una wapiga kura kumi na wawili, na mimi, Merlin Duchow, mtangazaji mstaafu wa redio, ni mmoja wao. Mchezaji akipata kura tisa, picha yake inatundikwa ukutani milele. Mwaka huu ni wa mwisho kwa rafiki yangu Arvid Tollefsen, mlinzi wa kituo cha pili. Akikosa, jina lake linafutwa. Ana miaka themanini na moja, na mkewe ameshapeleka koti lake kwa dobi. Lazima aingie. Nimekula kiapo mbele ya paka.

Jumatano, 9 Januari
Marlys Gunderson, mkutubi, anampigia debe Clifton Boyd, mrushaji. Anatembea na takwimu kama wengine wanavyotembea na miwani. Kasema Arvid alidondosha mipira mingi kuliko mlinzi yeyote wa kaunti. Nikamjibu kwamba aliidondosha kwa heshima. Akaniuliza takwimu za heshima ziko wapi. Mama huyu ananitafuta.

Ijumaa, 11 Januari
Mpango! Kila Ijumaa wapiga kura wote huwa kwenye baa ya Elroy Schmitke kwa samaki wa kukaanga. Na watu wa huku hawawezi kumkatalia mtu usoni, hasa akiwa amewanunulia bia. Nikapita meza kwa meza. Elroy mwenyewe: bila shaka, Merlin. Daktari wa meno: bila shaka. Mchungaji: moyo wake wote uko kwa Arvid. Hata Marlys, huku akipangusa vidole, kasema karatasi ina nafasi ya majina mawili, kwa hiyo ataangalia. Nimewapata wote kumi na mmoja! Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumamosi, 12 Januari
Sijalala. Kumi na mmoja, nami wa kumi na mbili. Kura zote! Haijawahi kutokea. Hata Hal Brandvold, ambaye mpira wake ulivunja kioo cha kanisa ng'ambo ya mto, alinyimwa moja. Ndiyo desturi yetu: lazima mmoja amnyime mtu, ili magwiji wa zamani wasionekane wadogo. Arvid akizoa zote, watu watanusa njama. Sasa nani amnyime? Anatakiwa mtu mwenye moyo mkubwa. Mtu asiyetaka sifa.

Mimi!

Nimemwacha Arvid. Machozi yamenitoka, nakiri. Kurudisha karatasi tupu ni aibu, kwa hiyo nimeandika Boyd. Kura moja itamsaidia nini yule?

Jumanne, 15 Januari
Matokeo. Marlys kayasoma maktabani mbele ya wote. Boyd, tisa. Ameingia. Arvid, nane.

Nane! Wasaliti watatu! Wamekunywa bia yangu huku wananichekea! Mchungaji alikuwa anatazama viatu vyake. Marlys akanivuta pembeni, macho mekundu, akasema yeye alimpa Arvid, kwa ajili yangu, na kwamba imepungua moja tu. Nikamwambia aliyemnyima hiyo moja ni nyoka.

Nikaenda kwa Arvid. Alikuwa ameshavaa koti. Nikaapa kwamba nitamsaka aliyetufanyia hivi. Akanimiminia kahawa.

"Mwache tu, Merlin," akasema. "Labda ni mtu aliyewahi kuniona nikicheza. Mradi wewe ulinipa yako, mimi sina kinyongo."

Nikasema kahawa ni nzuri sana. Niliumia mno rohoni, sijui kwa nini.

Ijumaa, 18 Januari
Furaha! Kumbe ipo kamati ndogo ya rufaa inayoweza kumrudisha mchezaji aliyefutwa. Ina watu watatu, na kura mbili zinatosha. Mimi nimo! Wengine ni Elroy na mchungaji. Nimewanunulia bia, wote wameahidi, mchungaji kaweka na mkono kifuani. Arvid ameshapita.

Tatizo ni moja. Tatu kati ya tatu! Watu watasemaje? Lazima mmoja ajitolee, na nimeshajua ni nani. Safari hii nimekuwa makini: karatasi ina jina la Arvid na la mtu mwingine mmoja tu, mchezaji mbovu kuliko wote niliowahi kuwatangaza. Nimempa huyo. Hawezi kushinda.